Mvua ya Kwanza Haikuwa Yetu

Nilirudi nyumbani siku chache kabla ya Majilio, nikiwa na begi moja na mpango wa kukaa siku kumi. Ndivyo ninavyorudi siku zote. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeuza mitumba minadani, Kahama, Mpanda, Chunya, mpaka Tunduru kule kusini, na kila nilipolala nilikuwa naota harufu ya nyumbani. Nikifika nyumbani, siku ya tatu tu miguu inaanza kuniwasha. Kaka yangu ananijua. Alinisubiri na baiskeli pale njia panda, kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lagangabilili, akalifunga begi langu kwenye keria, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaondoka lini?"

"Kaka, hata maji sijanywa."

"Nauliza tu. Shemeji yako atataka kujua achinje kuku leo au siku ya kuaga."

Tulicheka, tukatembea. Pande zote mbili za njia mashamba yalikuwa matupu, udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua zilizopaswa kuwa zimeshaanza zilikuwa hazijaja. Watu walikuwa wamesafisha mashamba mapema, wakachoma magugu, wakakaa. Tulipopishana na mtu, salamu ilikuwa ile ile ya kila siku, mwangaluka, na baada ya salamu kila mmoja aliangalia juu kidogo kabla ya kuendelea na safari yake.

Kaka yangu amenizidi miaka sita. Mimi ndiye niliyepelekwa sekondari, na huko ndiko nilikobatizwa, kidato cha pili, kwa sababu rafiki zangu wote walikuwa wanabatizwa. Yeye alibaki na ng'ombe wa baba. Baba yetu alikuwa na vibanda vyake vya mizimu nje ya nyumba mpaka alipofariki, na kaka hakuvibomoa kwa haraka. Alianza mafundisho ya ukatekumeni akiwa na watoto wanne, akayasoma kwa miaka mingi kuliko inavyotakiwa kwa sababu kila msimu wa kuhama na mifugo alikuwa anakosa. Mimi nilibatizwa mapema, nikachoka mapema. Nilikuwa naingia kanisani kwenye misiba tu, na hapo nilisimama mlangoni. Yeye alichelewa kuingia, na hajatoka.

Ili mtu aelewe kilichotokea msimu huu, lazima nieleze kwanza utaratibu wa kulima huku kwetu. Si kila kaya ina ng'ombe wa plau. Mwenye nao, mvua ya kwanza ikinyesha, hulima kwake. Akimaliza kwake hulimia ndugu zake, kisha wale watakaomlipa kwa kumpalilia, na mwisho kabisa, udongo ukiwa umeanza kukauka tena na ng'ombe wamechoka, hufika kwa wale wasio na cha kutoa. Hakuna anayeona ubaya. Ndivyo ilivyo. Mjane anapanda wiki tatu nyuma ya wenzake, na mahindi yake yanatoa mbelewele mvua imeshakatika.

Miaka michache iliyopita, wiki ya kwanza ya Majilio, jumuiya yao ndogo ya Kikristo ilikutana kwa kaka. Waliongea habari ya kumwandalia Bwana njia, na mwenyekiti akataka kila mtu aseme ataandaa nini. Mmoja akasema ataacha pombe ya kienyeji mpaka Krismasi. Mwingine akasema atasali rozari kila siku. Zamu ya kaka ilipofika, alisema yeye njia anayoijua kuitengeneza ni ile inayopita nyuma ya plau. Akasema mvua ya kwanza ya Majilio haitakuwa yake tena. Itakaponyesha, ataanzia mkiani, kwa yule ambaye angelimiwa wa mwisho, kisha ndipo arudi kwake.

Shemeji aliniambia watu walipiga makofi kama wanavyopigia mtu anayeahidi kuacha sigara. Mwaka ule alilima mkiani kwanza. Mwaka uliofuata pia. Makofi yakaisha, ikawa jambo la kawaida, na wapo wanaomwita "Mkiani" mpaka leo.

Aliyekuwa mkiani ni jirani yetu bibi kizee ambaye sote tunamwita mayu, yaani mama. Si mkristo. Vibanda vyake vya mizimu vimesimama uani kwake, vimeezekwa vizuri kuliko jiko lake. Analea wajukuu wawili ambao mama yao yuko mjini, na nusu ekari yake alikuwa akiilima kwa jembe la mkono tangu mumewe afariki. Mdomo wake hauna breki. Kaka alipoenda kumwambia mara ya kwanza kwamba atamlimia, alimuuliza, "Umenitamani uzeeni, au Mungu wako ndiye kakutuma?" Kaka akamjibu kwamba ni Mungu. Bibi akasema, "Basi mwambie na mbegu sina."

Dominika ya kwanza ya Majilio nilienda na kaka kigangoni, kwa heshima tu. Shada la Majilio la kigango chetu limetengenezwa kwa ringi ya baiskeli iliyozungushiwa matawi ya minyaa, kwa sababu wakati ule mnyaa wa uzio ndio mti pekee uliobaki na rangi ya kijani. Katekista aliwaonya watoto mara mbili wasilishike, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Mishumaa ilikuwa ile myeupe ya dukani, mitatu imefungwa utepe wa zambarau na mmoja utepe wa waridi. Katekista aliwasha wa kwanza, upepo ukauzima, akauwasha tena huku ameukinga kwa kitabu cha nyimbo. Nilikaa benchi la nyuma nikiwaza mnada wa Jumatatu ambao ningekuwa nimeufikia kama ningeondoka jana yake. Mbele yangu kaka aliimba kwa sauti nzito isiyofuata noti, shingo yake imekakamaa kwa jua na kazi, na nakumbuka niliona wivu. Sikumwonea wivu wa mali, maana hana. Ni ile hali ya kusimama mahali na kuonekana hutaki kuwa mahali pengine.

Katikati ya wiki hiyo, tukiwa tunawatoa maksai lamboni, yule mwekundu aliteleza kwenye tope la ukingoni akamkanyaga kaka mguu. Zahanati walisema mfupa haukuvunjika ila asiukanyagie kwa wiki mbili. Mguu ulivimba ukawa kama wa mtu mwingine. Siku zangu kumi zikapotelea hapo. Watoto wao walishaondoka kutafuta maisha, na nisingeweza kuondoka nikamwacha shemeji na ng'ombe peke yake, ingawa nakiri nililifikiria jambo hilo zaidi ya mara moja.

Mvua ilinyesha Jumanne ya wiki ya pili, alasiri. Haikuwa kubwa. Ilipiga bati kwa muda wa kupika ugali, ikakatika, ikarudi kidogo, ikaenda zake upande wa Meatu. Lakini ilitosha kulainisha. Anayeijua mbuga anajua kwamba ina siku zake mbili: kabla ya hapo ni jiwe, baada ya hapo inarudi kuwa jiwe. Kaka aliniita chumbani. Alikuwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya gunia la pumba.

"Kesho alfajiri utafunga ng'ombe," aliniambia. "Shemeji yako atashika kamba mbele. Unajua pa kuanzia."

"Najua."

"Sema ni wapi."

"Kwa mayu."

"Haya. Kamba ya nira ya kushoto imechakaa, iangalie."

Nilitoka. Shemeji alikuwa uani, karibu na kihenge. Aliinua kifuniko cha kihenge akanionyesha kwa kichwa niangalie. Nilichungulia. Chini kabisa, kwenye sakafu ya fito, kulikuwa na mahindi ambayo ukiyakusanya yasingejaza ndoo mbili, na kando yake kifuko cha mbegu kimefungwa kwa kamba ya katani. Mwaka uliopita hawakuvuna kitu cha maana. Wiki ile yote tulikuwa tumekula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi imechemshwa na chumvi, jioni imechemshwa na karanga.

"Ng'ombe hawa wamekonda," nilisema.

"Wamekonda," alisema shemeji. "Majani tuliyoyatunza kwenye ngitili yameisha tangu mwezi uliopita. Wanakula mabua."

"Watalima siku ngapi?"

"Wakijitahidi, mbili."

Hesabu ilikuwa rahisi. Shamba la kaka ni ekari mbili. Ng'ombe wazima hulima ekari moja kwa siku, na hawa hawakuwa wazima. Siku ya kwanza ikienda kwa mayu, siku ya pili tusingemaliza hata nusu ya kwetu, na mvua nyingine hakuna aliyejua kama ipo.

Alfajiri nilifunga nira. Ukitoka nyumbani, njia inapita kando ya uzio wa minyaa kisha inagawanyika: kushoto kwa mayu, kulia shambani kwetu. Shemeji alikuwa mbele na kamba. Maksai walipofika pale walikata kulia wenyewe, kwa mazoea, maana ndiko walikolima siku nyingi zaidi. Shemeji alisimama akageuka kuniangalia. Ilikuwa juu yangu kusema neno moja, na sikulisema. Nilitazama plau. Yeye akageuka mbele tukaendelea. Kwa saa kadhaa baadaye nilijidanganya kwamba ng'ombe ndio walioamua.

Nisiseme uongo, asubuhi ile ilikuwa tamu. Sikuwa nimeshika plau kwa miaka mingi, na mikono ilikumbuka. Udongo ulipinduka mweusi unang'aa, ukitoa ile harufu ambayo nimeitafuta katika kila mkoa nisiipate. Kila tulipomaliza mstari, shemeji aliachia kamba akaurudia, akidondosha mbegu na kuzifukia kwa kisigino. Nilikuwa najiambia nafanya haya kwa ajili ya kaka, kwamba mtu mgonjwa hajui anachosema, kwamba Mungu ana mambo makubwa kuliko kuangalia ni shamba la nani limeanza. Jua lilipopanda kiasi cha fimbo mbili tulikuwa tumekata kipande kizuri, karibu theluthi ya ekari.

Ndipo nilipomwona kaka. Alikuwa anakuja kutoka kwenye uzio, amejiegemeza kwenye mpini wa jembe, mguu mmoja hewani. Alikuwa akiruka hatua tatu anapumzika. Niliona akikaa chini mara moja, akanyanyuka, akaja. Shemeji aliachia kamba akaweka mikono kiunoni. Niliandaa maneno yangu yote. Nilikuwa nayo mengi, mimi ni mtu wa minadani.

Alifika akasimama kwenye mstari wa kwanza. Aliokota bonge la udongo akalivunja kwa vidole.

"Umelima vizuri," alisema. "Kina kiko sawa."

"Kaka, sikiliza..."

"Wafungue plau, mwende kwa mayu. Bado kuna baridi kidogo, watafika wana nguvu."

"Baba," alisema shemeji. Wake za kwetu huwaita waume zao hivyo. "Udongo huu kesho kutwa haushikiki. Na kihenge unakijua."

"Nakijua."

"Sasa tutakula nini, hiyo ahadi?"

Kaka hakumkaripia. Niliona amelichukua swali lake kwa uzito, kama swali linalostahili jibu.

"Sijui tutakula nini," alisema. "Ila nilimwambia Mungu mvua ya kwanza si yangu. Sikumwambia, isipokuwa mwaka ambao mguu unauma. Na nilimwambia kwa mdomo huu, mbele yako, na wewe ulipiga makofi."

"Kila mtu alipiga makofi."

"Basi ndiyo maana nakukumbusha wewe peke yako. Wale wengine si wake zangu."

Shemeji alijikaza asicheke, akashindwa, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akainama akaiokota kamba. Mimi nilibaki nimesimama. Nilitaka anigombeze. Ndugu akikugombeza unapata pa kushika, unamjibu, mnaishia sawa. Yeye aliniambia tu niangalie ile kamba ya nira ya kushoto, kisha akakaa chini kwenye tuta ili mguu upumzike kabla hajaanza kurudi.

Tulimkuta mayu shambani kwake, ameinama na jembe la mkono, ameshakwatua kipande cha kama sebule ya nyumba. Alituona akanyooka mgongo taratibu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Nilidhani ng'ombe kamkanyaga na Mungu wenu."

Shemeji aliangalia chini. Mimi nikaona ni bora nimalize. "Mayu, tulianza kwetu. Kosa ni langu, si la kaka."

Alinitazama kwa muda, macho madogo yenye ukungu wa uzee. "Hata mimi ningeanza kwangu," alisema. "Una akili. Kaka yako ndiye hana." Kisha akaning'inia kwenye mpini wa jembe lake akicheka bila sauti. "Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia mizimu wangu, yule wa Mkiani mwaka huu tumempata, ni mtu kama sisi. Sasa itabidi niwaombe radhi."

Tulimlimia mpaka ng'ombe walipokataa, mchana, tukawapumzisha, tukamalizia jioni. Yeye alitufuata nyuma na kibuyu cha mbegu, akidondosha na kufukia, na kila alipofika mwisho wa mstari alisema "wabeja," ahsante, kwa sauti ya chini. Sikujua kama ananiambia mimi, au ng'ombe, au nani.

Siku ya pili tulirudi kwetu. Mayu alikuja bila kuitwa, na kibuyu chake, akapanda nyuma ya plau mstari baada ya mstari kama msichana. Lakini maksai wa madoa alilala katikati ya mstari kabla ya saa sita, na hakuna kilichomwinua, si maji wala kelele. Tulimvua nira. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba, labda pungufu kidogo. Siku ya tatu nilijaribu kwa jembe la mkono nikatoka na malengelenge. Siku ya nne udongo ulikuwa umefunga.

Na mvua ikaondoka. Siku baada ya siku mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, huko Busega, yakasimama, yakaondoka. Kwa mayu mahindi yalichipua yakawa na majani mawili. Kwetu nusu moja ilichipua na nusu nyingine ilikaa imefunga kama sakafu. Watu waliopita walitazama na kusema pole. Mmoja alisema, si kwa ubaya, "Mkiani, mwaka huu mkia umekuchapa." Kaka alimjibu kwamba ng'ombe asiye na mkia analiwa na nzi, wakacheka wote wawili, na yule mtu akaenda zake.

Nilidhani yeye haoni kitu, kwamba imani yake ni kama ngozi ngumu. Asubuhi moja nilimfuata shambani kumpelekea uji. Alikuwa amekaa mpakani, pale ambapo mistari iliishia, mguu ameunyoosha. Mkono wake ulikuwa juu ya udongo ule usiolimwa, kiganja wazi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Midomo ilikuwa inatikisika. Nilisubiri amalize.

"Kaka, unaogopa?"

"Sana."

"Mbona huonyeshi?"

"Nikuonyeshe ili iweje? Ukimbilie Tunduru?" Alipokea uji akaupuliza. "Naogopa kila mwaka. Mvua ya kwanza ikipiga bati tumbo linaniuma mpaka nimalize kwa mayu. Nilimwambia katekista, nikidhani nina imani haba. Akaniambia niendelee nalo hilo tumbo, kwamba mwaka litakapoacha kuniuma, nitakuwa nimeanza kumpa Mungu kitu ambacho sikihitaji."

"Na asipojibu?"

"Hajaniahidi mahindi, mdogo wangu. Ni mimi niliyeahidi." Alikunywa uji. "Yeye aliahidi kuja. Hayo mengine naomba tu, kama watu wengine."

Sijawahi kusoma kitabu cha dini hadi mwisho, na siwezi kueleza kwa nini maneno yale yaliingia mahali ambapo mahubiri mengi hayakuingia. Nadhani ni kwa sababu aliyeyasema alikuwa na njaa. Nimekutana na watu wengi katika kuzunguka kwangu, matajiri wa madini, wachungaji wenye maspika makubwa, wanasiasa wakishuka kwenye magari. Sijamwona mtu mkubwa kama yule aliyekaa pale chini akiwa na kikombe cha plastiki na mguu uliovimba, anaogopa na hajageuka.

Padre hufika kigangoni kwetu mara chache, kwa pikipiki. Siku nne kabla ya Krismasi alikuja kusikiliza maungamo. Tulipanga foleni nje, kwenye kivuli cha ukuta, na shemeji alikuwa mbele yangu watu wawili. Alipogeuka akaniona, alinyanyua nyusi. "Na wewe? Padre atahitaji kulala hapa."

Zamu yangu ilipofika nilianza na yale ya miaka mingi, kwa ufupi, kama mtu anayeshusha mizigo haraka haraka. Kisha nikasema la plau. Nilisema niliachia ng'ombe wachague njia nikijua watachagua ipi. Nilisema nilivunja ahadi ya mtu mwingine, tena aliyekuwa amelala mgonjwa akiniamini.

Padre aliuliza kama kaka amenisamehe.

"Hakukasirika hata kidogo, padre."

"Pole," alisema, na nikasikia anatabasamu. "Hiyo inauma zaidi." Alinipa sala za kusali. Kisha akauliza shamba limebaki kiasi gani.

"Nusu. Labda imezidi."

"Na wewe ni mtu wa kusafiri."

"Ndiyo."

"Basi mvua ikija, uwepo. Hayo ndiyo malipizi yako. Zile sala ni za kukusindikiza."

Mvua ilikuja kesho yake, na kesho kutwa yake, kubwa, ya kujaza malambo. Nilifunga nira siku ya mkesha wa Krismasi. Maksai walikuwa wamepata majani machanga, hawakuwa na nguvu nyingi ila walisimama. Kaka alikuja kwa mpini wake wa jembe na hakuna aliyeweza kumrudisha nyumbani. Alipanda nyuma yangu, anaruka kwa mguu mmoja, anadondosha mbegu, anaegemea, anafukia. Shemeji aliyekuwa mbele na kamba alimwambia anapanda kama kunguru. Kila nilipofika mwisho wa mstari, kabla ya kugeuza plau, nilisali moja ya zile sala nilizopewa. Zilipoisha niliendelea kwa maneno yangu, ambayo hayakuwa mazuri. Nilimwomba Mungu awape watu hawa chakula. Nilimwambia pia kwamba sijui kukaa mahali, anisaidie.

Tulimaliza siku iliyofuata sikukuu. Hatujui tutavuna nini. Mahindi yaliyopandwa mwisho wa Desemba huku kwetu ni kamari, kila mtu anajua, na kihenge kimeshafagiliwa. Mayu ameanza kuleta majani ya kunde kutoka kwake, anayaweka mlangoni bila kubisha hodi, na jioni moja alimwambia kaka, "Ni mkopo wa Mungu wako, usinishukuru mimi." Kaka alimshukuru hata hivyo.

Sasa ni mwezi wa pili. Ukipita barabarani unaliona shamba la kaka limegawanyika katikati, upande mmoja mahindi yamepita kiuno cha mtu, upande wa pili yako chini ya goti. Juzi mtu wa baiskeli alisimama akaniuliza kama mbegu zilituishia. Nilimwambia hapana, tulikuwa tumeenda kulima kwa jirani. Alitikisa kichwa akaendelea na safari yake, nami nikarudi kupalilia upande ule mfupi.